Simenti na Moshi Wake: Neno kwa Wale Wanaojenga

Padri wa parokia ni mjenzi pia, hata kama hakufundishwa kazi ya ujenzi. Siku anapofika mahali pake, wakristu wanamwonyesha kanisa lenye ufa, ao shule isiyo na sakafu, ao nyumba ya mkatekista inayovuja. Baraza linakusanyika, na swali la kwanza ni hili: «Padri, tunahitaji mifuko mingapi ya simenti?» Ndipo tunahesabu mifuko, tunahesabu franka, tunatafuta kamioni. Walakini iko hesabu nyingine ambayo wengi wetu hatujazoea kuifanya, nayo ni hesabu ya moshi.

Kila mwaka dunia nzima inatengeneza karibu tani milioni 4 000 za simenti, na karibu nusu yake inatoka katika inchi ya China. Wataalamu wanahesabu ya kwamba kazi hii peke yake inaleta 7 ao 8 katika kila sehemu 100 za hewa ya kaboni inayotoka katika kazi za wanadamu. Hewa hiyo ndiyo inayofunika dunia kama blanketi, inazidisha joto na kuharibu majira ya mvua. Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alituita kutunza nyumba yetu sisi sote. Sasa, ikiwa nyumba ya kanisa inajengwa kwa namna inayochafua nyumba ile kubwa, ni vema tujue sababu yake, na dawa yake pia.

Katika makala hii tutaeleza mambo manne: simenti inatengenezwa namna gani, moshi wake unatoka wapi, viwanda vinafanya nini ili kuupunguza, na sisi wenyewe, penye kazi zetu za kujenga, tunaweza kufanya nini.

I. SIMENTI INATENGENEZWA NAMNA GANI

Simenti ni jiwe lililochomwa na kusagwa. Wanachimba jiwe la chokaa, kama wanavyochimba kule Lukala katika Kongo ya Chini, ao kule Kabimba kando ya ziwa Tanganyika. Wanalisaga pamoja na udongo kidogo. Unga ule unaingizwa katika tanuri refu la chuma, mfano wa bomba kubwa linalolala na kuzunguka polepole. Ndani yake moto unafika digri 1 450. Katika joto hilo chokaa na udongo vinashikana, vinakuwa vidonge vigumu vya rangi ya kijivu. Vidonge hivyo vinaitwa klinka. Baadaye klinka inasagwa pamoja na jipsi kidogo, inawekwa katika mifuko, nayo ndiyo simenti.

Namna hii si ya kale sana. Mwingereza Joseph Aspdin, mwashi wa mji wa Leeds, alipata hati ya simenti yake mwaka 1824, akaiita simenti ya Portland, kwa sababu ilifanana na jiwe zuri la kujengea la mahali pale. Tangu siku hizo wengine waliongeza moto na kutengeneza vizuri zaidi, lakini jina limebaki.

II. MOSHI UNATOKA WAPI?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanafikiri moshi wa simenti unatoka katika makaa ya mawe ao mafuta yanayochomwa ndani ya tanuri. Wanasema: «Tukipata moto safi, shida imekwisha.» Sivyo. Sehemu kubwa inatoka ndani ya jiwe lenyewe.

Jiwe la chokaa ni chokaa na hewa ya kaboni vilivyofungwa pamoja. Tukilichoma, kifungo kinakatika: chokaa kinabaki, hewa inatoka. Kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ya kaboni. Hata moto ungetoka katika umeme wa mto Kongo, bila kijiti kimoja cha kuni, kilo 44 zile zingetoka tu. Hakuna namna ya kupata chokaa kutoka katika jiwe hilo bila kufungua hewa yake.

Basi, tukijumlisha, karibu 60 katika kila 100 za hewa hiyo zinatoka katika jiwe, na karibu 40 zinatoka katika moto. Kwa simenti iliyo karibu klinka tupu, mfuko mmoja wa kilo 50 umekwisha kutoa hewa ya kaboni karibu kilo 40, kabla fundi hajaufungua. Tuseme kapela moja imekula mifuko 300: ni tani 12. Kweli beto inarudisha hewa kidogo ndani yake polepole, miaka kwa miaka, lakini hairudishi yote.

Kumbe neno la kushika ni moja: adui si simenti, ni klinka. Anayepunguza klinka anapunguza moshi wa jiwe pamoja na moshi wa moto. Yote yanayofuata yanatoka katika neno hili.

III. DAWA ZA KIWANDANI

Dawa ya kwanza ni kutunza moto. Zamani viwanda vingi vilisaga jiwe pamoja na maji, likawa tope. Na moto mwingi ulipotea kwa kukausha tope lile. Viwanda vya leo vinasaga unga mkavu, na moshi wa moto unaotoka katika tanuri unapandishwa ndani ya mnara ili upashe joto unga unaoshuka. Kwa njia hii kiwanda kipya kinatumia moto pungufu sana kuliko cha zamani. Wengine wamebadili chakula cha moto: kule Hima, upande wa magharibi wa Uganda, wamechoma maganda ya kahawa. Maganda hayo yangeoza bure; na mikahawa ya mwaka ujao itavuta tena hewa ile katika majani yake. Vilevile kiwanda chenye vichungi vizuri kinazuia vumbi lisifunike mashamba na mapafu ya majirani. Ni dawa njema, lakini haigusi zile kilo 44.

Dawa ya pili, nayo ndiyo kubwa kwa siku zetu, ni kuweka kitu kingine mahali pa sehemu ya klinka. Wazo hili ni la kale kuliko simenti yenyewe. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Napoli. Ndipo likapatikana jina la pozolana. Kwa namna hiyo walijenga kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa metre 43. Limesimama karibu miaka 1 900, na hakuna chuma ndani yake.

Sababu yake ni hii. Simenti inapokutana na maji inajenga gundi inayoshika mawe na mchanga. Lakini pamoja na gundi hiyo kunabaki chokaa kisicho na kazi. Pozolana inakamata chokaa hicho kilichobaki na kufanya gundi nyingine. Kwa hiyo si kitu cha kujaza mfuko tu, kinafanya kazi.

Inchi zetu zina neema katika jambo hili. Mahali penye volkano pana pozolana: kule Bugarama katika Rwanda, ng'ambo tu ya mto Ruzizi, kiwanda kinachanganya klinka na pozolana, vilevile kule Mbeya katika Tanzania. Nasi tunayo milima ya Virunga. Si kila jiwe la volkano linafaa, sherti lipimwe kwanza. Lakini malighafi iko.

Na mahali pasipo volkano? Hapo pana udongo. Ginsi hii ilitafutwa hasa na Bibi Karen Scrivener wa chuo kikuu cha ufundi cha Lausanne katika Uswisi, pamoja na Bwana Fernando Martirena wa Cuba na wenzao wa India. Wanachukua udongo wenye kaolini, ule mweupe ao mwekundu unaopatikana kwa wingi katika inchi za joto na mvua, kwa sababu mvua ya miaka maelfu imeoza miamba. Wanauchoma kwa digri 700 mpaka 850 tu, karibu nusu ya joto la klinka. Na angalieni tofauti: udongo ukichomwa hautoi hewa ya kaboni kutoka ndani yake, unatoa maji tu. Kisha wanachanganya hivi: klinka 50, udongo uliochomwa 30, unga wa jiwe la chokaa lisilochomwa 15, na jipsi 5. Udongo na jiwe lile vinasaidiana, na simenti inayopatikana inaweza kufikia nguvu ya simenti ya kawaida, huku hewa ya kaboni imepungua 30 mpaka 40 katika kila 100. Inaitwa LC3. Cuba walifanya jaribio la kwanza la kiwandani mwaka 2013. Mwaka 2020 kiwanda kimoja cha Abidjan, katika Côte d'Ivoire, kilianza kuchoma udongo kwa kazi hiyo. Basi Afrika haikungoja iwe ya mwisho.

Dawa ya tatu ni kukamata hewa yenyewe mlangoni mwa dohani. Mwezi wa juni 2025 kiwanda cha Brevik katika Norvège kilifungua mashini za namna hiyo, za kukamata tani 400 000 kwa mwaka, yaani karibu nusu ya hewa yake. Inapelekwa kwa meli na kusukumwa chini ya bahari, ndani ya mwamba. Ni kazi ya ajabu, lakini gharama yake ni kubwa sana, na serikali ya inchi tajiri ndiyo iliyolipa sehemu kubwa. Kwetu sisi dawa ya pili iko karibu zaidi.

IV. KUSOMA MFUKO

Wengi wetu tunanunua simenti kwa rangi ya mfuko na jina lake. Tujifunze kusoma maandishi madogo.

CEM I maana yake ni klinka 95 ao zaidi katika kila 100. CEM II/A ina vitu vingine kuanzia 6 mpaka 20. CEM II/B, kuanzia 21 mpaka 35. Herufi inayofuata inataja kitu chenyewe: P ni pozolana ya volkano, Q ni udongo uliochomwa, L ni jiwe la chokaa, V ni majivu ya makaa ya mawe. CEM IV ni simenti yenye pozolana nyingi. Nazo namba 32,5 ao 42,5 zinaonyesha nguvu yake baada ya siku 28: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyoweza kubeba zaidi.

Basi kwa sakafu, kwa kuta, kwa lipu, hakuna sababu ya kutafuta CEM I. Simenti ya CEM II/B inatosha, na moshi wake ni pungufu. Kwa nguzo na mihimili tufuate shauri la fundi aliyesomea kazi hiyo. Naye pia mara nyingi atakubali simenti iliyochanganywa, mradi ina namba inayotakiwa.

Hapa tuonye kwa nguvu. Simenti iliyochanganywa kiwandani, ikapimwa, si sawa na simenti iliyochanganywa gizani na mchuuzi anayetia majivu ao vumbi ndani ya mfuko. Ya kwanza ni elimu, ya pili ni wizi, na wizi huo unaweza kuangusha dari juu ya watoto wa shule. Vilevile mtu yeyote aliyesoma makala hii asijaribu kutia majivu ya jikoni katika beto ya nguzo, akisema anatunza dunia. Kazi ya kupima ni ya kiwanda.

Tena, simenti yenye pozolana inakomaa polepole siku za kwanza, ingawa baadaye inapata nguvu yake yote. Kwa hiyo mbao zinazoshikilia beto zisiondolewe haraka, na maji ya kunywesha yasikatwe mapema. Mafundi wengi wanaisingizia simenti hii kuwa mbaya, kumbe ni haraka yao iliyokuwa mbaya.

V. PENYE KAZI ZETU

Mfuko ambao haukununuliwa ndio wenye moshi mdogo kuliko yote. Tutoe shauri chache ambazo hata mkatekista wa kijiji cha mbali anaweza kuzishika.

Kwanza, tutunze simenti. Mifuko isikae juu ya ardhi. Iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu, na ile iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mfuko uliogeuka jiwe katika ghala la parokia ni pesa za maskini zilizokufa, na hewa ya kaboni iliyotoka bure.

Pili, tupime maji. Mfuko wa kilo 50 unahitaji maji karibu litre 25 mpaka 30, pamoja na yale yaliyo katika mchanga. Fundi mvivu anaongeza maji ili beto itiririke. Beto inakuwa dhaifu. Kisha anadai mifuko mingine ili kuitia nguvu. Ndoo moja ya maji ya bure inatugharimu simenti.

Tatu, mchanga uwe safi. Mchanga wenye udongo unahitaji simenti nyingi. Tuutie katika chupa yenye maji, tuitikise, tuiache itulie: udongo utakaa juu, mchanga chini. Kama tabaka la udongo ni nene, uoshwe ao utafutwe mwingine.

Nne, beto inyweshwe maji siku 7 kwa uchache, na kwa simenti ya pozolana siku 10 mpaka 14. Ifunikwe kwa majani ya migomba ao magunia maji. Kazi hii inaweza kufanywa na watoto wa shule wenyewe, na haina gharama.

Tano, simenti iwekwe pale inapohitajiwa tu. Msingi unaweza kuwa wa mawe. Kuta za ndani, chini ya bati zuri na juu ya msingi mrefu, zinaweza kuunganishwa kwa tope. Kwa kuta za nje iko mashini ya mkono ya kufinya matofali ya udongo, mfano wa ile iliyotengenezwa na Raúl Ramírez mjini Bogotá katika miaka ya 1950, inayoitwa Cinva-Ram. Udongo wenye mchanga unachanganywa na simenti 5 mpaka 8 tu katika kila 100, unafinywa, kisha matofali yanatunzwa kivulini na kunyweshwa majuma kadhaa. Hayahitaji tanuri wala kuni.

VI. MASWALI MAWILI

Wengine watauliza: «Basi, tuache simenti na kurudia matofali ya kuchoma?» Tuwe waangalifu. Tanuri la matofali linakula miti mingi, na mahali pengi milima yetu imekwisha kuwa uchi kwa sababu hiyo. Kukimbia moshi wa kiwanda ili kukata msitu si faida. Daraja, tangi la maji na chumba cha wagonjwa vinahitaji simenti, nayo ni kitu chema ikitumiwa kwa akili.

Wengine watasema: «Sisi tunachoma simenti kidogo sana. Wale waliojenga miji mikubwa ndio waliochafua hewa, wao walipe.» Neno hili lina haki ndani yake, wala hatulikatai. Mwenye deni kubwa alipe kubwa, na dawa ya bei kali ianze kwake. Lakini watu wa Kongo wamepita milioni 100, na nyumba zao nyingi, shule zao nyingi, bado hazijajengwa. Viwanda vitakavyowekwa kwetu sasa vitakaa miaka 40 ao 50. Vikijengwa kwa namna ya zamani, tutafungwa navyo. Vikijengwa kwa namna ya udongo na pozolana, tutapata simenti inayohitaji klinka pungufu, na pengine klinka ndiyo sehemu inayoletwa kutoka ng'ambo kwa bei kubwa. Hapa faida ya dunia na faida ya maskini vinakwenda njia moja.

Tena tusisahau: mkulima wa kijijini, anayengoja mvua isiyokuja kwa wakati wake, hakuwahi kununua hata mfuko mmoja. Yeye analipa moshi wa wengine.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Ninyi waseminari, jifunzeni jambo hili sasa, kwa maana kesho mtapewa funguo za ghala na hesabu ya ujenzi. Ninyi mapadri, kabla ya kutia sahihi hesabu ya fundi, mwulizeni: simenti gani, ya namba gani, na kwa nini mingi hivi? Nanyi wakatekista, mnaokaa karibu na kazi kila siku, simamieni maji, mchanga na kunywesha. Parokia inayofanya hivyo, badala ya mifuko 300, labda itatosheka na 240 ya simenti iliyochanganywa. Kanisa litasimama vilevile. Na zile franka zilizobaki, baraza halitakosa kazi ya kuzipa.